Protini ya Tano

Ile picha niliitengeneza mimi, ndiyo maana siwezi kuizungumzia kwa upole hata leo. Ilikuwa kwenye skrini ya ukumbi mmoja Bunda mjini, kubwa kama mlango wa ghala la pamba, ina rangi nilizozichagua mwenyewe, na wafugaji walikuwa wanaipigia makofi. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, karibu na kreti za soda, natafuta maandishi niliyoyaweka chini yake. Hayakuwepo. Kulikuwa na picha ya pili pia, iliyotakiwa kukaa kando ya ile, zikiwa na ukubwa mmoja. Na yenyewe haikuwepo. Mtu alikuwa ameiondoa, akabakiza ile inayopendeza.

Ili hasira yangu ieleweke, lazima nieleze zilikuwa picha za nini.

Nimezaliwa Buswahili, wilaya ya Butiama, kwenye nyumba ya ng'ombe na mihogo. Baba alifariki nikiwa sekondari, na aliyenisimamia baada ya hapo ni mdogo wake, ambaye mbele za watu namwita baba mdogo na tukiwa wawili namwita baba. Kwetu hakuna mtoto asiyeijua ndigana. Kupe anamng'ata ndama, tezi ya chini ya sikio inavimba, ndama anaacha kunyonya, anahema kama amekimbizwa, povu linamtoka puani, halafu asubuhi unamkuta amelala vibaya. Kinachozuia ni kuogesha. Ng'ombe wanaswagwa mpaka kwenye josho, wanazama kwenye maji yenye dawa, wanatokea upande wa pili wakijikung'uta, na kupe wanakufa. Josho likikauka, ndama wanakufa. Hilo halihitaji digrii.

Digrii niliitafuta kwa sababu nilitaka kitu kitakachobaki ndani ya ng'ombe hata josho likiharibika. Chanjo ya ndigana yenyewe ipo, lakini inataka ubaridi mkali na utaalamu ambao vijijini kwetu haufiki kirahisi. Nikasoma kemia, nikaendelea mbele nikajifunza kutumia kompyuta kuelewa protini, kisha nikarudi Musoma kufanya kazi kwenye kituo kidogo cha utafiti. Nilipanga chumba Iringo, nyuma ya duka la mabati. Mradi wetu ulikuwa unatafuta chanjo ya kupe mwenyewe. Ng'ombe akichanjwa, damu yake inatengeneza kingamwili, yaani askari wa mwili. Kupe akija kunyonya ile damu, anawameza na hao askari, na wakifika tumboni mwake wanaushambulia utumbo kwa ndani. Ila askari hawa hawashambulii ovyo. Lazima uwafundishe sura ya adui, na sura yenyewe iwe imeelekea upande inakopita damu. Ikiwa imejificha ndani ya seli, askari watapita hapo mchana kutwa bila kuiona.

Kwenye ukuta wa utumbo wa kupe tulikuta protini tano zilizoshikamana kama kitu kimoja. Swali la mradi mzima lilikuwa moja: protini ya tano, ambayo ndiyo ilionekana kufaa kwa chanjo, imekaa upande gani?

Kitu kidogo namna hiyo hakionekani kwa darubini yoyote tuliyokuwa nayo. Tulikuwa na mwenzetu, fundi wa maabara, mzaliwa wa Kibara, mtu mzima anayejua kupasua kupe na kutoa utumbo bila kuuchana. Alizunguka kata za Bunda na Butiama akikusanya kupe. Tulichanganya utumbo wao na kemikali inayofanya kazi kama uzi wenye ndoana pande zote mbili. Uzi huo unashika protini mbili pale tu zilipo karibu. Baada ya hapo vitu vyote vinakatwakatwa vipande na kupelekwa nje ya nchi kwenye spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa vipande vidogo kuliko akili inavyoweza kuwaza. Uzito ukionyesha kwamba kipande cha protini hii na kipande cha ile vimesafiri pamoja, unajua uzi ulivishika, kwa hiyo protini hizo zilikuwa majirani.

Majibu ya mashine yaliporudi ndipo kazi yangu ilipoanza. Protini moja ina maelfu ya atomu, na kompyuta niliyokuwa nayo ingelia machozi kama ningeipa zote. Kwa hiyo nilirahisisha. Kila protini niliifanya kuwa mipira michache iliyounganishwa. Kila uzi niliufanya kuwa sharti: mpira huu na ule isikae mbali kuliko urefu huu. Halafu kompyuta inairusha mipira ovyo, inaivuta, inaipanga mpaka nyuzi zote zitimie, inakumbuka umbo lililopatikana, inaanza upya. Inarudia hivyo mara nyingi sana. Mwisho unaangalia maumbo yote na kuuliza ni yapi yanajirudia.

Mama alikuja Iringo siku moja na kikapu cha mihogo mikavu, akaikuta mipira ya rangi inacheza kwenye kompyuta. Akaniuliza kama hiyo ndiyo kazi ninayolipwa. Nikamwambia ni kama harusi ambayo hukuhudhuria, ila umeambiwa nani na nani walikaa karibu kiasi cha kushikana mikono, na kutokana na hayo unajaribu kupanga ukumbi wote ulivyokaa.

"Na wewe hukuwepo?" akauliza.

"Sikuwepo."

"Basi usiongee sana," akasema, akaenda kutafuta sufuria.

Sikuongea sana. Nataka hilo lijulikane. Kompyuta ilipomaliza, maumbo yaligawanyika makundi mawili. Kwenye kundi la kwanza protini ya tano ilikaa nje, imeelekea kwenye damu. Kwenye kundi la pili ilikaa ndani ya seli. Uzi uliokuwa umeishika ulikuwa mrefu kiasi kwamba ungeweza kufika kutoka pande zote mbili, na ukuta wenyewe ni mwembamba. Kwa data ile, hakuna mtu duniani angeweza kusema lipi ni la kweli. Nilichora picha mbili, nikaziweka sambamba, nikaandika chini yake kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kwamba zote mbili zinakubaliana na vipimo sawasawa, na kwamba kipimo kinahitaji kurudiwa kwa uzi mfupi zaidi.

Mkuu wa mradi alikuwa mtu wa sauti nzuri na mashati ya kunyooshwa. Hakuwa mtu mbaya wa kutukana watu, na labda angekuwa hivyo ingekuwa rahisi zaidi kumchukia. Aliziangalia picha zangu akiwa amesimama, akaniuliza ipi ni bora. Nikamwambia hakuna iliyo bora. Akaniuliza mimi binafsi moyoni naona ipi. Nikamwambia moyo wangu haujapimwa kwenye mashine. Akacheka.

"Dada yangu," akasema, "wafugaji hawawezi kula neno 'labda'. Nipe moja."

Nilikataa. Nilimtumia zote mbili zikiwa zimeunganishwa kwenye faili moja, na maandishi yake, nikidhani hivyo nimezilinda. Uzi mfupi zaidi niliuagiza siku hiyohiyo kupitia fundi wetu, ambaye alianza tena kuzunguka kutafuta kupe.

Ndipo ukaja ule mkutano wa Bunda. Kulikuwa na wafugaji, maafisa mifugo, madiwani, na baba mdogo akiwa amevaa koti lake la kanisani. Mkuu alisimama mbele ya picha moja, ile ya protini ya tano ikiwa nje, akaizungusha kwenye skrini ili watu waone pande zote, kana kwamba ni kitu kilichopigwa picha na kamera. Alisema adui amepatikana. Alisema chanjo ya kupe ya kwanza kwa mkoa wetu ipo mlangoni, na kwamba watoto wa wafugaji watasahau josho ni nini. Kisha akasema kazi yote ya kompyuta imefanywa na binti wa hapahapa Mara, akaninyooshea mkono. Watu wote wakageuka. Baba mdogo alisimama akanipigia makofi peke yake wakati wengine wameshanyamaza.

Nimewahi kudhalilishwa kwa matusi na nimewahi kudhalilishwa kwa dharau. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kukudhalilisha kwa kukusifia.

Nilimfuata mkuu kabla hajafika kwenye chakula. Nilimwambia picha haiko sawa, kuna nyingine, arudi mbele aseme. Akanishika begani kama shemeji, akaniambia atarekebisha kwenye ripoti, hapa watu wana njaa. Kwenye ripoti hakurekebisha. Wiki iliyofuata alikuwa kwenye redio moja ya Musoma akirudia yaleyale, ila safari hii hakusema mlangoni. Alisema tumeshaipata.

Siku ileile ya mkutano nilimpeleka baba mdogo pembeni, nyuma ya ukumbi, nikamweleza kwamba chanjo haipo, na kwamba huenda isiwepo kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu anayejua kusikiliza. Aliuliza kitu kimoja tu, kama nimekosana na bosi wangu. Nikasema bado. Akaniahidi ataifikisha kauli yangu kwenye kamati ya josho.

Aliifikisha. Alinisimulia baadaye. Kamati ilikuwa inajadili kununua dawa mpya ya josho, maana ile ya zamani ilikuwa imechoka na ukuta wa josho ulikuwa na ufa. Mwenyekiti akasema hakuna haja ya kutengeneza kitu ambacho mwakani hakitakuwa na kazi. Baba mdogo akasema mwanangu anasema hivi na hivi. Mwenyekiti akamuuliza mwanao ana gari? Wakamuuliza mbona picha tumeiona kwa macho yetu, na redio imesema. Mmoja akasema wasomi wakiwaonea wivu wenzao ndivyo wanavyoongeaga. Josho likaachwa likakauka.

Mvua zilipokuja zilikuja na majani, na majani yakaja na kupe. Nilikwenda Buswahili mwisho wa juma nikakuta nyumba haina kelele za ndama. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na zizi, miguuni pake kalala mtamba mwekundu aliyekuwa anamtegemea azae mwaka huo, tezi zimevimba pande zote mbili za shingo. Aliogeshaga ng'ombe wake kwa bomba la mkono, kwa dawa ya kununua mwenyewe, lakini malisho ni ya wote, na ng'ombe wa jirani walikuwa wameyajaza kupe. Mtamba alikuwa anahema kwa mdomo wazi. Nilipiga magoti nikamshika sikio, lilikuwa la moto. Nilikuwa najua majina ya protini tano zilizomo ndani ya utumbo wa kupe waliomjaa kwapani, na sikuwa na kitu cha kumpa. Alikufa tukiwa tunamwangalia. Mama mdogo alienda ndani, na hakutoka kutusalimia mpaka jioni.

Kwa jirani walikufa zaidi. Mjane mmoja wa upande wa pili wa mto mdogo alibaki na fahali tu.

Nilirudi Musoma na nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu. Nilimwambia ng'ombe wanakufa kwa sababu ya picha yangu. Akanisahihisha, kwamba wanakufa kwa sababu ya ndigana. Alisema yeye hakumwambia mtu yeyote afunge josho. Hilo ni kweli. Hakumwambia mtu. Aliwaambia tu kwamba watalisahau, akaondoka na gari, na watu wakaanza kulisahau mapema. Nilimuuliza kwa nini aliikata picha. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeulizwa kwa nini alifuta vumbi.

"Ile ya pili ilikuwa inachanganya watu," akasema.

Sikupiga kelele. Nilimwambia ile iliyokuwa inachanganya watu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Picha moja mtu yeyote anaweza kuchora. Mtu anayerahisisha kitu ana deni la kusema amerahisisha wapi, na yeye ndiye aliyefuta hicho tu. Akasema nimechoka, nichukue likizo.

Nilipokuwa kwenye likizo nisiyoiomba, majibu ya uzi mfupi yalirudi. Fundi wetu ndiye aliyeyaleta Iringo kwenye flashi, akakataa hata chai, akasimama mlangoni mpaka nilipofungua faili. Niliiweka mipira ileile, nikaongeza masharti mapya, nikaiacha kompyuta ifanye kazi. Mchana wa siku iliyofuata ilikuwa imemaliza. Hakukuwa tena na makundi mawili. Uzi mfupi ulikuwa umeishika protini ya tano kwenye mkia wa protini jirani yake, na mkia huo unajulikana kuwa uko ndani ya seli. Protini ya tano ilikuwa ndani. Askari wa damu wasingeiona kamwe. Picha waliyoipigia makofi Bunda ilikuwa ndiyo ya uongo.

Fundi alirudi, akaangalia skrini muda mrefu. Alisema amewapasua kupe hao kwa mikono yake na alikuwa anatamani iwe nje. Nikamwambia hata mimi. Kisha akaniuliza nitafanya nini, na kabla sijajibu akasema kwamba lolote nitakalofanya atakuwepo, ila nisimwambie aongee mbele za watu.

Nilimtumia mkuu matokeo. Alijibu kwamba tusiwe na haraka, wafadhili wanakuja, tutayaweka kwenye awamu ijayo. Basi nikaacha kumsubiri. Nilimwomba baba mdogo aitishe watu kwenye josho.

Walikuja, wengi kuliko nilivyotegemea, na hawakuja kwa ajili ya sayansi. Walikuja kwa sababu walikuwa wamefiwa na mifugo. Fundi alifinyanga madonge matano ya udongo wa pale josho, tukayatoboa kwa njiti na kuyaunganisha kwa kamba za katani. Ukuta wa utumbo ulikuwa kipande cha gunia ambacho baba mdogo alikishika upande mmoja na fundi upande wa pili. Niliwaonyesha kwamba kamba ndefu inaliruhusu donge la tano likae upande huu wa gunia, na ileile inaliruhusu likae upande ule. Nikawaambia hayo ndiyo niliyoyajua siku ya Bunda, na kwamba waliyoonyeshwa yalikuwa nusu. Kisha nikafunga kamba fupi, donge likagoma kutoka nje. Nikawaambia chanjo hiyo haipo, na kwa protini hii haitakuwepo.

Mjane wa upande wa pili wa mto aliinuka. Hakuangalia madonge kabisa.

"Ile picha alichora nani?" aliuliza.

"Mimi, mama."

"Sio huyo bwana?"

"Alichofanya yeye ni kukata. Kuchora nilichora mimi."

"Basi mimi nakujua wewe," akasema. "Yeye simjui kwao."

Akakaa. Na baada yake wakasimama wengine, wakanisema mpaka jua likageuka upande wa pili wa josho. Waliniita msomi wa karatasi. Waliuliza kama ningeleta uongo wangu kwenye nyumba ya watu wa Musoma wenye mageti. Baba mdogo alitaka kunitetea nikamzuia kwa mkono. Nilikuwa na hasira nao kiasi kwamba meno yaliniuma, kwa sababu walikuwa wameletewa ukweli mapema na wakaucheka. Na nilikuwa na hasira zaidi kwa sababu nilielewa. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Mwenye gari alikuwa mbali, na mtu anampiga aliye mbele yake. Mwenyekiti wa kamati, aliyeuliza kama nina gari, hakunisema siku ile. Lakini ndiye aliyeinuka mwisho, akauliza nani ana saruji.

Ufa wa josho walianza kuuziba wiki ileile. Dawa ilipatikana, na ng'ombe waliobaki wakaanza kuzamishwa tena. Mkuu alisikia habari za mkutano kabla sijarudi Iringo. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa, na wa fundi pia, ingawa yeye hakufungua mdomo, alishika gunia tu. Sasa yupo Kibara kwenye boti ya shemeji yake, na mikono ile inayoweza kutoa utumbo wa kupe bila kuuchana inaparua furu, visamaki vya ziwani. Kila nikifikiria hilo nataka kuvunja kitu.

Mimi nafundisha kemia sekondari hapa Musoma. Modeli nimeiandika yote, picha zote, na mahali nilipokosa uhakika nimepaandika kwa herufi kubwa kuliko mengine, na jina la fundi lipo kando ya langu. Jarida lililoipokea lilinitaka nifupishe sehemu ya mashaka. Nilikataa, wakaiacha kama ilivyo.

Mwezi uliopita nilikutana na mkuu kwenye foleni ya benki. Alinisalimia kwa furaha kabisa, akaniuliza habari za nyumbani na za mzee wangu. Alisema sasa wana protini nyingine, ya sita, inayotia moyo sana, na kwamba kama nina nafasi anahitaji mtu wa kuichora.

Nilimuuliza kama imeshapimwa kwa uzi mfupi. Akasema bado, ila dalili ni nzuri.

Nilitoka kwenye foleni nikaenda nje kusimama juani, kwa sababu nilikuwa najua kwamba nikibaki mle ndani nitasema mambo ambayo wanafunzi wangu wangeyasikia kabla ya kesho yake. Bado sijapoa. Mtu akiniambia yameshapita, namwambia aende Buswahili akawaulize wenye mazizi matupu kama yamepita.